Nililipia kilo, kahawa sikuipata

Dada mmoja kaniandikia juzi: ana ekari mbili za kahawa ya robusta huko Mukono, hapa Uganda, buni zimeanza kuiva, awalipe wachumaji kwa siku au kwa kilo? Dada yangu, swali hilo lilinimaliza msimu mzima.

Mimi ni wa Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kahawa yetu ni arabika. Zamani nililipa shilingi 10,000 kwa siku pamoja na chakula. Ikifika saa sita watu wako chini ya mgomba wanapiga soga. Nikajiona mjanja, nikatangaza: kilo shilingi 300, kila mtu ale jasho lake. Jioni ya kwanza kijana mmoja akaleta kilo 70. Nikampongeza mbele ya wenzake, jamani.

Usiku tukamwaga buni kwenye pipa la maji. Zilizoelea, yaani mbovu, peke yake zilijaa beseni mbili, na chini yake kijani tupu, majani, hata kokoto. Asubuhi nikaenda kuchungulia. Vijana walikuwa wanashika tawi shinani na kulikamua mpaka nchani, mbichi na mbivu pamoja na vichipukizi ambavyo vingetoa maua ya mwaka unaofuata. Bei niliyopewa na mnunuzi siitaji hapa.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichuma moja moja, nyekundu tupu, kilo 25 kwa siku. Kwa hesabu yangu mpya akapata 7,500. Siku ya nne hakuja, wala hakuniaga.

Basi lipa kwa kilo, lakini kilo ya nyekundu. Mchumaji amwage kwenye turubai, achambue mwenyewe, ndipo mpime, naye akitazama mshale wa mizani. Mimi sasa natoa 500. Na ulipe jioni ile ile! Habari ya "njoo kesho" ni dhuluma. Usijifiche nyuma ya sheria pia: kima cha chini cha mshahara kilichomo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984, na muswada wa kima cha chini uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 Rais alikataa kuutia saini. Kibarua wako hana mtetezi ila wewe, na Mungu anaona.

Yule mama sasa anachumia jirani, ng'ambo ya kijito. Msimu uliopita nilimtuma mtu akamwite. Akauliza kama mizani bado ni ile ile.