Pink Gin yangu imekuwa chungu kama shubiri: nipunguze bita?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Wikiendi nilijaribu kutengeneza Pink Gin, yaani jini iliyotiwa bita, nyumbani. Mimi ni mpenzi wa vitu vichungu, kwa hiyo nilimimina jini mililita 60 ya asilimia 47, nikaongeza kijiko kizima cha mezani cha bita ya Angostura (kiungo kichungu cha mimea cha kutia ladha vinywaji), nikatupia vipande viwili vya barafu. Chungu kama shubiri, na koo likawaka moto! Nipunguze bita au niweke sukari? Na Konyagi je, inaweza kushika nafasi ya jini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Njema, ndugu yangu. Sukari iache kwenye chai. Bita nayo usiilaumu kwanza, maana kilichokosekana kwenye glasi yako ni maji.

Tupige hesabu. Bita ya Angostura yenyewe ni kileo cha asilimia 44.7, ingawa kwa vile hutiwa kwa matone watu huichukulia kama rangi ya keki. Kijiko chako cha mililita 15 kiliongeza uchungu bila kupunguza ukali, ukabaki na mililita 75 za kitu cha asilimia 46 na ushee. Vipande viwili vya barafu visivyokorogwa havikupata hata muda wa kuyeyuka. Moto wa pombe na uchungu vikikutana mdomoni, kila kimoja hukuza mwenzake, nawe ukadhani kosa ni la bita peke yake.

Safari ijayo chukua jini ile ile mililita 60 na bita kijiko cha chai, yaani mililita 5. Usidhani nakubania: Pink Gin ya kawaida hupewa mitikiso mitatu au minne ya chupa, na kila mtikiso haufiki mililita moja. Vitie kwenye chombo cha kuchanganyia, ujaze barafu ngumu iliyotoka friza sasa hivi, si ile iliyokwisha kutoa jasho. Koroga taratibu kwa sekunde 30 hivi, kisha chuja kwenye glasi iliyopoa. Hapo barafu itakuwa imeacha maji kama mililita 18 au 20, na ukali umeshuka hadi karibu asilimia 36. Kinywaji chenyewe usikitikise, kwa sababu bita hutoa povu jingi ukiitikisa.

Barafu ikiwa haba, changanya jini, bita na mililita 20 za maji safi ndani ya chupa, ulaze kwenye friza kwa muda wa saa tatu. Haitaganda. Mimi nyumbani hufanya hivi, wageni wakifika ni kumimina tu.

Ukishaizoea, panda hadi mililita 10 za bita. Uchungu ukizidi, yeyusha chumvi gramu 5 katika maji mililita 20, udondoshe matone mawili tu. Chumvi hutuliza uchungu, na kwa kiasi hicho huionji. Maliza kwa kukamua ganda la limau juu ya glasi ili mafuta yake yaruke.

Kinywaji hiki ni cha maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, waliotia bita kwenye jini wakiamini inatuliza kichefuchefu cha bahari. Bita hiyo ilitengenezwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, katika mji wa Angostura nchini Venezuela, ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Maofisa hao walipenda jini ya Plymouth, laini kidogo. Jini kavu ya London inafaa pia. Zile jini za rangi ya waridi za madukani, tamu za matunda, ni kitu kingine kabisa. Ukizitia bita utapata dawa ya kikohozi.

Konyagi inawezekana, ila ujue unatengeneza kinywaji kingine. Ni ya asilimia 35, kwa hiyo maji yake yamo tayari: usiikoroge na barafu, ipoze vizuri kwenye friza, kisha tia bita moja kwa moja. Haina harufu nzito ya junipa (tunda linaloipa jini harufu yake) ya kushindana na bita, hivyo mitikiso mitatu inatosha. Ukitia kijiko, utakunywa bita tupu.