Dada anachekesha, filamu haichekeshi: tatizo liko wapi?

SWALI: Bwana mhariri, salaam. Sisi ni vijana wa Langoni, Lamu. Tumepiga filamu ya nusu saa: binti wa Faza aja mjini kuolewa, mama mkwe hamtaki, mwisho ni harusi. Hadithi si mpya, twajua. Lakini dada anayecheza binti huyo alituvunja mbavu mazoezini, hasa pale anapojizoeza kumwamkia mkwe kwa kumwamkia punda kichochoroni. Tumekata filamu, hakuna anayecheka. Tubadilishe skripti, au mwigizaji?

JIBU: Mwacheni dada mahali pake, na skripti pia. Nimevitazama vipande mlivyonitumia hapa Malindi, vilivyokatwa na vibichi, yaani kama kamera ilivyovinasa. Kwenye vibichi anasema "Shikamoo", anainamisha kichwa, halafu anangoja marahaba. Anangoja kwa dhati. Punda anazungusha sikio moja. Dada anatupa jicho kushoto na kulia, kisha anarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba mzee hasikii vizuri. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Kwenye filamu mliyoikata: "Shikamoo", uso wa punda, mama mkwe jikoni. Basi.

Mmeikata ile ngoja yake. Nimehesabu: mlipiga fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, naye alingoja sekunde nne, yaani fremu 100. Mmebakiza nane. Kichekesho hakiko katika neno shikamoo. Mtu aliyelelewa kwetu akiisikia shikamoo isiyoitikiwa hutulia mwili mzima kungoja jibu, na hapo ndipo dada alipomkamata mtazamaji. Rudisheni fremu zote 100, kisha pima kwa kutazama na watu, si peke yako na vipokea sauti masikioni.

Kuhusu hadithi iliyozoeleka, msione haya. Mtazamaji akishajua kwamba mwisho ni harusi, hana kazi ya kufuatilia njama, macho yake yote yako kwa binti. Pretty Woman ya 1990 ni ngano ya maskini aokolewaye na tajiri, kongwe kuliko bibi zetu. Richard Gere alipolifunga ghafla kasha la mkufu, Julia Roberts akaangua kicheko. Ule ulikuwa mzaha, haukuandikwa, na kicheko kilikuwa cha kweli. Waliohariri wangeweza kukitupa. Walikiacha, na leo watu wanakikumbuka kuliko mazungumzo mengi ya filamu ile.

Shoti za karibu mmezizidisha. Dada huyu huchekesha kwa mabega na mikono, nanyi mmempa uso mtupu. Mtazameni Lucille Ball, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani, mwaka 1952 katika kile kisa cha kiwanda cha chokoleti: mkanda unaozibeba chokoleti unaenda mbio, anazitia mdomoni, kofiani, kifuani. Ukiusogelea uso wake tu, umeupoteza mkanda, na mkanda ndio adui. Adui wenu ni punda. Waonyesheni wote wawili katika fremu moja.

Najua mtasema kichochoro cha Lamu hakina nafasi ya kurudi nyuma. Kwa upana, kweli, punda akipita mtu hujibanza ukutani. Lakini kwa urefu nafasi ipo. Wekeni simu mbali, usawa wa kiuno, wao wasimame kati ya kuta mbili. Zile kuta zinawabana bila nyinyi kufanya lolote. Sauti chukueni kwa maikrofoni ya kubana nguoni, maana simu ikiwa mbali mtasikia kwato tu.

Muziki wa "toing-toing" chini ya punda, futeni.

Mwisho, faili la tatu. Mmelikata pale mtu aliposema "kata!" Lisogezeni mbele kidogo: dada anageuka kuondoka, punda analia, naye bila kutazama nyuma anasema, "Ahsante, baba." Hiyo haimo kwenye skripti yenu. Itieni.