MUULIZE MWALIMU: Majina ya dawa za Kihindi yanasema nini?

*Swali, kutoka Kondele, Kisumu:*
Mwalimu habari yako. Nilinunua unga kwa duka ya Wahindi hapa tauni, kwa pakiti wameandika Ashwagandha, mwenye kuuza akaniambia hiyo ni Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, na maana yake ni nguvu za farasi. Mimi natumia dawa ya presha ya hospitali. Hilo jina ni la ukweli ama ni la kuuzia tu?

*Jibu:*
Salama dadangu. Muuzaji amekupatia nusu ya jina, nusu ingine amejitengenezea. Ashva ni farasi, hapo hajakosea, lakini gandha ni harufu, kwa hivyo jina linasema tu kwamba huo mzizi ukiwa mbichi unanuka farasi, basi. Ile hadithi ya nguvu iko, na hata si ya jana, wenyewe huiongeza wakisema anayeutumia anapata nguvu za farasi, lakini haiko ndani ya jina.

Ujue watu wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, hawakuwa wanaupa mmea jina moja wakanyamaza. Kuna vitabu vya zamani vinaitwa nighantu, kazi yake ni kukusanya majina ya dawa, yametungwa kwa beti ndio mwanafunzi ayashike kichwani, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina kumi na zaidi, moja linakuambia harufu, lingine umbo la jani, lingine mahali unamea, lingine kazi yake mwilini. Huo huo ashwagandha unaitwa pia varahakarni, yaani sikio la nguruwe mwitu, sababu ya umbo la jani. Sasa mbona muuzaji hakukuahidi masikio ya nguruwe?

Na usione ashva mahali ukafurahi. Kuna ashvamaraka, muuaji wa farasi, ambalo ni jina la ile oleanda yenye maua ya pinki na meupe watu wanapanda kwa kompaundi kama urembo. Hiyo ni sumu ya moyo, majani, maua, kila kitu, na mzee aliyeipa hilo jina alikuwa anakuonya mapema. Kwa hilo mimi nawavulia kofia.

Lakini majina mengine ni ya sifa tu, na hapo ndio watu huumia. Kuna mmea mwingine wa dawa, guduchi, wanauita amrita, maana yake ni kama kinywaji cha kutokufa. Wanauita pia chhinnaruha, unaomea ukikatwa, na hilo ni kweli kabisa, kipande cha shina kinachipuka tena. Sasa wakati wa Korona watu wengi India waliutumia kuongeza kinga, na mwaka wa 2021 madaktari wa Mumbai wakaripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kuutumia. Wizara yao ya tiba za asili ikabisha, ikasema pengine waliutumia mmea mwingine wa ukoo huo unaofanana nao. Vyovyote vile, jina la kutokufa halikuwasaidia.

Nikirudi kwa pakiti yako, ashwagandha inaweza kushusha presha, kwa hivyo ukiichanganya na dawa ya hospitali presha inaweza kushuka zaidi ya vile daktari alipanga. Iweke kando kwanza, beba hiyo pakiti kliniki uwaonyeshe. Mwenye mimba asiiguse, na mwenye kutumia dawa za sukari, za tairoidi ama za usingizi aulize kwanza. Na usiende kuchimba wa bure kando ya barabara, ndio unamea Kenya, ni wa ukoo mmoja na osuga (managu), lakini huo ukoo uko na wenye sumu pia.

*Swali, kutoka Nakuru:*
Mwalimu, mimi nauza mitishamba. Kastoma ameleta brahmi kutoka India, nyingine nilikuwa nayo, na hazifanani hata kidogo. Nani ametapeliwa?

*Jibu:*
Pengine hakuna, kakangu. Brahmi ni jina linalobebwa na mimea miwili. Kuna Bacopa monnieri, ya majani madogo manene, na kuna Centella asiatica, ya jani la mviringo, ambayo iko na jina lake lingine mandukaparni, jani la chura. Wote wanasifiwa kwa mambo ya akili na kumbukumbu, na wote wanapenda mahali pa maji. Ndio maana nawaambia wauzaji kila siku, andika jina la Kilatini kwa lebo, la Kisanskriti liwe la kupamba. Kuna majina yenye hayakusumbui, kama gokshura, kwato ya ng'ombe, hiyo ni mbigili yetu, ukiikanyaga pekupeku hutauliza ni gani. Ama triphala, matunda matatu, uhesabu tu, ikipungua moja rudisha.

*Swali, kutoka Kakamega:*
Mama yangu ameletewa vidonge vya maumivu ya viungo, vimeandikwa bhasma. Huo ni mti gani?

*Jibu:*
Si mti. Bhasma ni majivu, na kwa dawa hizo mara nyingi ni ya madini yaliyochomwa. Ukiona pia neno rasa, kwa tawi la Ayurveda linalotumia madini lina maana ya zebaki. Watafiti wa Boston walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko, wakachapisha matokeo 2004, na 14 zilikuwa na risasi (ile metali, lead), zebaki ama aseniki, na zote ni sumu. Mwambie mama asimamishe, mpeleke hospitali na hivyo vidonge mkononi ili wajue cha kupima.

*Swali, kutoka Bungoma:*
Eti pilipili ni neno la Kihindi?

*Jibu:*
Mizizi yake ndio. Kisanskriti ni pippali, ile pilipili ndefu ya India, jina likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka likafika kwetu. Ile kali nyekundu unakula na nyama choma ilitoka Amerika baadaye sana, ikakuta jina liko tayari.