Nguruwe wa Texas, pesa si yetu

Wadogo zangu wa Mbagala, ile sauti mnayorushiana kwenye grupu la ukoo, eti Texas mtu analipwa kupiga nguruwe pori akiwa juu ya helikopta, imenikera. Helikopta zipo. Tangu 2011 sheria inaruhusu mtu kukodi kiti na kupiga. Ila anayepanda ndiye anayelipa, tena maelfu ya dola.

Mimi nabaki bandani. Pikapu zinarudi alfajiri, nguruwe wananing'inizwa kwa miguu ya nyuma, nachuna, natoa matumbo, naosha sakafu. Harufu inaingia kwenye kucha, hata limau haliitoi. Mama nimemweleza. Alinyamaza, kisha akasema pesa ya ada atapokea, ya futari nisitume. Hilo linaniuma kuliko baridi.

Bunduki msiniulize. Mwenyeji, tangu 2019, hata leseni hahitaji kumpiga nguruwe kwenye shamba la mtu, mradi mwenyewe karuhusu. Mimi nisiye na makaratasi nikishika bunduki ni jela.

Lakini wenyeji msiwaseme vibaya. Wanyama hawa wamejaa kaunti 253 kati ya 254, jike linaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na usiku mmoja kundi linafukua mahindi yaliyopandwa jana. Bibi alivyokesha kwenye dungu kule Rufiji akipiga debe kulinda mpunga, ndivyo na hawa wanavyokesha. Babu anamfundisha mjukuu kulenga. Mbwa wanavalishwa vizibao vigumu wasipasuliwe na meno. Jumamosi mji wote unakutana, nyama inachomwa, michango inakwenda kwa zimamoto wa kujitolea. Huko ndiko watu wanakojuana, vijana wanakopata kazi na wachumba. Ukialikwa kuwinda, umeshakuwa wao. Mimi wananilipa kwa wakati, wananisalimu kwa jina, hawajanialika.

Msije. Kama ni lazima, njooni na makaratasi, na ufundi wa umeme au majokofu kutoka VETA mkononi. Kiwanja cha Chamazi kisiuzwe kwa ajili ya tiketi, narudia, kisiuzwe! Na kama kuna aliyekwishauza, asione aibu, anipigie. Nitampokea, kitanda kipo.

Salma, ada ya muhula nimeshatuma. Mwambie mama, Jumapili nakata majani kwenye nyumba za watu. Hiyo ndiyo ya futari, apokee.