Hizo kaseti za mzee usimwachie mtu, na usitupe hata moja

Mkuu, usizipeleke! Nimesoma uzi wako mpaka pale uliposema Jumamosi unambebea kijana wa Mwanga hapo Kigoma boksi zima la kaseti za marehemu mzee, akae nazo wiki akuingizie kwenye flashi, halafu zenyewe uzitupe maana "zinajaza chumba tu", nimeacha ugali unapoa. Mambo ya uanze kusikiliza wasanii gani wa zamani tutayafikia, ya spika gani ya bluetooth na programu gani ya simu yaweke pembeni, kwanza hili.

Mimi nipo Tabora, Isevya. Mzee wangu alikuwa mgonjwa wa muziki wa dansi, jioni anakaa na redio kaseti yake anarekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), bendi kama Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, Western, Atomic ya Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kwenye kile kikaratasi cha ndani ya kava ameandika kwa peni ya bluu bendi na wimbo, na ile anayoipenda ameipigia mistari miwili chini. Alipofariki nikazirithi mimi, na mimi kama wewe hivi hivi nikaona niende na wakati, nikazijaza kwenye kiroba nikampelekea jamaa mmoja wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Nje kabandika karatasi, tunahamisha kaseti kwenda flashi, ubora wa studio. Ubora wa studio! Hata leo nikiikumbuka ile karatasi napandwa na hasira.

Sasa sikiliza alichonifanyia. Wimbo wa dansi wewe unaujua, unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, kiitikio, halafu maneno yakiisha ndio linaingia chemko, gitaa la solo linapanda, la ridhimu linajibu, la besi linatembea, tumba zinakolea, watu wanainuka kwenye viti. Tabora Jazz na Segere Matata yao utamu wote ulikuwa humo. Yule bwana kila maneno yakiisha anakata. Anakata! Yeye kwa akili yake wimbo umeisha, zilizobaki ni "vyombo tu". Nimekaa nyumbani nachomeka flashi, Nyanyembe wanaanza vizuri, nangoja gitaa lipande, kimya, unaingia wimbo mwingine. Nikadhani wa kwanza una hitilafu, nikaruka wa pili, wa tatu, yote imenyolewa. Ukiniuliza ametunza muda wa nani sijui, kama alikuwa na haraka si angeuza vocha.

Haikuishia hapo. Kaseti ya dakika 60, pande zote mbili, kaibana mpaka ikawa MB kumi na nne hivi. Saa moja ya WAV ya kawaida, yaani faili la sauti lisilobanwa, ni zaidi ya MB 600, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ametupa nini njiani. Tena akaweka ile ya kuondoa mchirizo, ile shhh ya mkanda, mchirizo umeondoka kweli lakini umeondoka na matoazi na ile ridhimu nyembamba ya juu, waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa. Sauti za watangazaji kazitoa zote. Na kwenye kaseti moja ya Western Jazz mzee wangu alikuwa amesahau kubonyeza stopu baada ya kipindi, anasikika anamuuliza mama kama mlango wa nyuma umefungwa, mama anajibu kwa mbali kutoka jikoni. Hiyo nayo kaifuta, kelele.

Nikarudi pale mbio nimwambie basi nipe kaseti zangu nitatafuta mtu mwingine. Ananijibu huku anamhudumia mteja, "bro zile zilishachoka, nilizitupa". Na kwenye kompyuta yake? Alishafuta kupata nafasi. Mtu mzima, ana duka, anachukua hela za watu, hajui kwamba ile aliyonipa ni kopi na mwenye mali ni kaseti. Na waliokuwa wananishauri "digitali ndio mpango mzima, kaseti za nini karne hii" wote leo wapo, wanasikiliza nyimbo zao, hakuna aliyepoteza kitu.

Najua kuna mtu atakuja hapa aseme zote zipo YouTube. Hazipo zote, na zilizopo nyingine ni marudio yaliyorekodiwa miaka mingi baadaye, nyingine wamebandika jina la bendi siyo. Nchi yetu kipindi kile haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, bendi ikitaka santuri inakwenda Nairobi, kwa hiyo nyimbo kibao zilirekodiwa studio za RTD zirushwe hewani basi, santuri hazikuwahi kuwa. Aliyezinasa nyumbani kwa redio kaseti ndiye anayo. Mzee wako ndiye anayo! Halafu umeuliza ile kaseti iliyoandikwa "Lake Tanganyika" ndio akina nani, mkuu hiyo ni Lake Tanganyika Jazz, bendi ya hapo hapo kwenu Kigoma, Shem Karenga alipita huko kabla hajaja kutuimbia huku Tabora Jazz. Watu wa Kigoma mnamtambia Diamond na Alikiba kuwa asili yao ni kwenu, sawa ni haki yenu, lakini hazina nyingine iko chini ya kitanda chako unataka kuitupa.

Kwa hiyo sheria ni moja tu: kaseti haitoki mikononi mwako, na haitupwi. Kazi ifanyike wewe ukiwa umekaa pale, au uifanye mwenyewe, siyo ngumu. Kaseti ukiitazama juu nyuma ina vijino viwili vya plastiki, vivunje, hapo hakuna atakayerekodi juu yake hata kwa bahati mbaya. Tafuta redio kaseti nzima, hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, uisafishe kwa pamba na spiriti, ile rola ya mpira nayo usiisahau ndio inayotafuna mikanda. Kaseti iliyokaa miaka usiiplei ghafla, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe yote, ikiwa nzito zungusha kwa peni ya Bic taratibu. Angalia na kile kisponji kidogo katikati, kikiwa kimebanduka sauti itafifia utadhani mkanda umekufa kumbe ni gundi tu imeachia. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio unaingia kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, unarekodi upande mzima bila kukata kitu, unasevu WAV. Mchirizo uache. Mtangazaji mwache. Usikilize upande wote mwanzo mwisho kabla hujasema umemaliza, halafu uweke sehemu mbili tofauti maana flashi zinakufa bila kuaga. Za kwenye simu ndio utengeneze MP3 kutoka kwenye hiyo WAV. Na vile vikaratasi vya mzee uvipige picha.

Wasanii wa kuanza nao, kwa haraka, anza na Mbaraka. Alifariki kwa ajali Kenya Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, na mpaka leo sijasikia mtu anayelifanya gitaa la solo lizungumze vile, kisha mfuate mwimbaji Marijani Rajab kwa mashairi. Ila wasikilize kama wazee walivyosikiliza, upande A mpaka uishe ndio ugeuze, usiwe unaruka ruka. Mimi siku hizi baada ya isha nazima runinga naweka upande mmoja wa kaseti nilizookoteza kwa wajomba, na chemko likiingia hakuna anayeruhusiwa kuongea humu ndani.

Huyo kijana wa Mwanga mwambie utakaa pembeni yake mpaka kaseti ya mwisho. Akikataa beba boksi lako urudi nalo Ujiji. Na hiyo ya Lake Tanganyika ianze kwanza, ukishaihamisha niwekee kwenye flashi umpe mtu wa treni ya kuja Tabora, gharama zote nalipa mimi.