Kikundi cha mazoezi kisife wiki ya tatu

SWALI: Tupo akina mama 12 hapa Mbagala, tunataka kuanzisha kikundi cha mchakamchaka. Mwaka jana tulijaribu, tukaishia wiki ya tatu. Tulikosea wapi?

JIBU: Dada, yawezekana mlianza na mbio. Wenye pumzi hutangulia, wengine huachwa, na aliyeachwa mara mbili harudi tena. Wiki 4 za kwanza tembeeni tu, kwa haraka, dakika 30, siku 3 kwa wiki. Kipimo ni mdomo: uweze kuongea, usiweze kuimba. Wiki ya 5 changanyeni: kimbieni dakika 1, tembeeni 2, mrudie mara 8.

Chagueni wa mbele na wa nyuma. Wa nyuma ndiye mtu muhimu kuliko hata mwenyekiti: hampiti mtu wala hamwachi mtu nyuma yake. Walio mbele wakifika kona, wageuke wamfuate wa mwisho, ndipo muendelee pamoja.

Saa 12 kamili asubuhi ondokeni. Msingoje zaidi ya dakika 5. Njia iwe ileile, aliyechelewa awakute. Barabarani shikeni upande wa kulia, mtazamane na magari, na kukiwa bado giza wa mbele na wa nyuma wavae reflekta.

Mwenye presha au kisukari amwone daktari kwanza. Anayechoma insulini abebe glukosi au pipi. Sukari ikishuka ataanza kutetemeka na kutoka jasho jembamba. Kifua kikibana, mtu asimame, apelekwe hospitali.

Raba ndiyo, kandambili hapana. Fulana za sare? Kikundi kikifika mwezi wake wa tatu, maana michango ya mapema huleta ugomvi kabla ya jasho.