Kabla hujaamini alama za dodoso la sonona

PHQ-9 ni dodoso fupi la sonona: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27, na mhojiwa anaulizwa kuhusu wiki 2 zilizopita. Anayefikisha 10 hufuatiliwa. Wepesi huo ndio unaowaponza wanafunzi na wahudumu wanaolibeba hadi Tandahimba au Ruangwa, kusini mwa Tanzania. Wanajaza, wanajumlisha, kisha wanaandika "ana sonona". Dodoso linachuja tu. Kutambua ugonjwa ni kazi ya mtaalamu aliyekaa na mtu akamsikiliza.

Jiulize kwanza kama maswali yanapima unachokitaka, mahali hapa na msimu huu. Hapo ndipo penye uhalali wa kipimo. Matatu kati ya yale 9 yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mwezi wa Ramadhani mtu wa Lindi anaamka kula daku. Msimu wa korosho ukipamba moto, familia ya Newala iko shambani tangu alfajiri. Kila moja la maswali hayo likipata 2, tayari ana 6, na huzuni hana. Kwa hiyo andika tarehe na msimu juu ya kila fomu, halafu tazama maswali mawili ya mwanzo, la kukosa raha katika mambo na la huzuni au kukata tamaa, kabla hujaitazama jumla.

Lugha inaharibu zaidi ya msimu. Jibu la "zaidi ya nusu ya siku" wapo wanaolielewa kama saa nyingi za siku moja, wakati linalotakiwa ni siku 8 au zaidi kati ya 14. Lisome hivi: "siku nyingi kuliko zile ulizokuwa sawa". Na bibi anayeongea Kimakonde au Kimwera asitafsiriwe papo hapo, kwa sababu wahojaji watano watakuletea madodoso matano tofauti. Tafsiri iandikwe, mtu mwingine asiyeiona ya asili airudishe kwenye lugha ya kwanza, mlinganishe. Kisha wapelekeeni watu 8 hadi 10 wa rika na jinsia mbalimbali, kila mmoja aeleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Hatua hii huchukua siku chache, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Uthabiti, yaani kipimo kutoa majibu yanayolingana, ni jambo jingine. Wengi hukokotoa alfa ya Cronbach, namba ya kukadiria uthabiti huo, wakiona 0.70 wanaridhika. Kwa kulinganisha makundi katika utafiti, inaweza kutosha. Kwa kuamua hatima ya mtu mmoja, ni ndogo mno. Tena alfa inaonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja, na yanaweza kwenda pamoja vizuri kabisa huku yakipima uchovu wa shamba.

Kosa la kipimo lihesabu mwenyewe. Tuseme mchepuko sanifu wa kundi lako, yaani jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 5 na uthabiti ni 0.84. Toa 0.84 kwenye 1, unabaki na 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, zidisha kwa 5, unapata 2. Hilo ndilo kosa; lichukue mara mbili kila upande, na aliyepata 11 msome kama aliye kati ya 7 na 15. Basi usimpe rufaa wa 11 na kumrudisha nyumbani wa 9 kana kwamba umewatenganisha.

Kile kikomo cha 10 kilitokana na utafiti wa wagonjwa wa kliniki za Marekani, uliochapishwa mwaka 2001. Kijijini hali ni nyingine. Chukua watu 100, wenye sonona wawe 10, na dodoso liwe linapatia mara 80 kwa 100 kwa wagonjwa na kwa wazima. Litakamata wagonjwa 8, pamoja na wazima 18. Panga nafasi za mahojiano ya pili kwa watu 26, siyo 8.

Swali la 9, la kuona heri ufe au kutaka kujidhuru, halisubiri jumla. Likipata hata 1, simamisha mengine, muulize kwa upole kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia, usimwache peke yake, na hakikisha anamfikia mtaalamu siku hiyo hiyo. Kama hujajua utampeleka kituo gani na kwa usafiri upi, usianze kuhoji.